Barua ya wazi: Ndege tunawaona, taarifa tumpelekee nani?

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Kwa Wizara ya Maliasili na Utalii,
Kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Nakala kwa TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na wakurugenzi wa halmashauri zinazopakana na Ziwa Victoria.

YAH: MAHALI PA KUPOKELEA TAARIFA ZA NDEGE WA ZIWANI

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, kwenye mwalo mmoja wa Wilaya ya Ilemela. Kila asubuhi nasimama ufukweni mitumbwi ya dagaa ikiingia, naandika nani amerudi, ana ndoo ngapi, na nani bado. Huu ni mwaka wa saba. Kwenye daftari hilohilo, kuanzia ukurasa wa nyuma, naandika ndege. Hakuna aliyenituma. Wavuvi walikuwa wananisimulia walichokiona usiku, nami nikaona habari zile zinaishia palepale kwenye chai na chapati.

Mvuvi wa dagaa anawajua ndege wa ziwa hili kwa namna ambayo sisi wa nchi kavu hatuwezi kuwajua. Siku za giza, mbalamwezi isipokuwepo, yuko ziwani na taa zake mpaka alfajiri. Kunapopambazuka shakwe wanamfuata, buabua wanakata maji mbele yake, mnandi wanapita chini kwa mstari kuelekea visiwani. Ndege wakijaa mahali, anajua chini kuna dagaa. Wakihama, naye anahamisha injini. Kwa hiyo akikuambia "shakwe mwaka huu hawaeleweki", msichukulie kuwa ni soga. Anazungumzia riziki yake.

Naomba niwaeleze tukio moja kwa urefu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili vijana wawili waliniletea shakwe aliyekufa, wamemweka ndani ya ndoo. Alikuwa amenasa kwenye kipande cha timba, zile nyavu za nailoni zilizopigwa marufuku, ambazo huendelea kuua ziwani hata mwenyewe akishazitelekeza. Hakuwa yule shakwe wetu mwenye kichwa cha kijivu anayezaliana humuhumu ziwani. Huyu alikuwa mkubwa, mgongo mweusi kama mkaa, miguu ya njano, na kwenye mdomo wa chini doa jekundu kama tone la rangi ya kucha. Mguu mmoja ulikuwa na pete ya chuma, nyepesi kama kifuniko cha soda. Mguu wa pili ulikuwa na pete ya plastiki yenye herufi na tarakimu, na uzi wa timba ulikuwa umejisokota juu yake mpaka umekata ngozi. Niliukata kwa wembe. Nikaosha ile pete ya chuma kwa maji ya ziwa, nikaisugua kwa kidole gumba, maandishi yakaanza kutokea: namba ndefu, kisha HELSINKI, kisha FINLAND.

Watu walikuwa wameshajaa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema nimrudishe majini upesi, kwa sababu ndege aliyefungwa chuma ametumwa na mtu. Kijana mwingine akasema ndani ya pete kuna kamera. Sikuwalaumu. Kwenye mwalo wetu hakuna aliyewahi kuja kutueleza kwamba kuna watu duniani wanaovisha ndege pete ili wajue wanakwenda wapi, na kwamba anayeokota pete ndiye anayekamilisha kazi yao.

Niliifunga ile pete kwenye karatasi, nikapanda daladala kwenda mjini. Ofisi ya kwanza waliniambia ndege si wao. Ya pili waliniambia ndege aliyekufa ni wa wenzao wa upande mwingine. Ya tatu mhusika alikuwa safarini, na aliyeshika nafasi yake aliitazama pete, akaigeuzageuza, akanirudishia. Ofisi hizo sizitaji, kwa sababu watu niliowakuta walinipokea vizuri. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na fomu ya kujaza, wala mtu wa kumpelekea fomu hiyo. Nilirudi Ilemela na pete yangu mfukoni.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wa chuo aliyekuja mwaloni kwa mafunzo ya vitendo. Alipiga picha pete zote mbili, akatuma kwa njia ya intaneti kwenye kituo cha pete za ndege huko Finland. Jibu lilikuja ndani ya siku chache. Yule shakwe alivishwa pete akiwa kinda, kwenye kisiwa cha pwani ya Bahari ya Baltiki, miaka mitano kabla ya kufia kwetu. Kutoka Helsinki mpaka Mwanza ni takriban kilomita 7,000. Watu wa mbali hivyo walinijibu, wakanishukuru kwa jina, wakanitumia na ramani. Niliibandika kwenye ubao wa matangazo wa BMU, karibu na bei ya dagaa. Yule mzee alikuja kuiangalia siku tatu mfululizo. Siku ya tatu aliniuliza: "Kwa hiyo hawa wote wametoka huko?"

Si wote, lakini wengi wa jamii ile ndiko wanakotoka. Shakwe hawa wa mgongo mweusi huzaliana Finland na nchi za jirani. Watafiti wa huko wamewafunga vifaa vinavyosomwa na setilaiti, wakaona kwamba kwao kukiingia baridi, wengi hushuka mpaka maziwa makuu ya Afrika Mashariki, na ziwa letu ni moja ya makao yao makubwa. Idadi yao huko kwao imepungua sana. Kwenye makinda yaliyokuwa yanakufa yalipatikana mabaki ya kemikali za jamii ya DDT, ile dawa ya kuulia wadudu, na baadhi ya watafiti wamejiuliza kama wazazi wao walizipata kule Baltiki au huku kwetu. Waheshimiwa, swali hilo linatuhusu sisi kabla ya kuwahusu wao. Shakwe anakula dagaa yuleyule tunayemwanika kwenye chanja, anayekwenda kwa watoto wetu na kwenye chakula cha kuku nchi nzima.

Kuna jambo ninalopaswa kulikiri hapa. Yule ndege nilimshika kwa mikono mitupu, na wale vijana pia, na ndoo ile ilirudi kazini mchana huohuo. Hakuna kati yetu aliyejua kuwa ni hatari. Januari 2017, upande wa Uganda, kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, buabua walianza kufa kwa wingi ufukweni. Vipimo vikaonyesha ni mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, na muda si mrefu ugonjwa ukaonekana kwa bata na kuku wa Masaka. Kenya ikafunga mlango kwa kuku wa Uganda. Tangu mwaka 2021 aina nyingine, H5N1, imeua ndege wa baharini kwa maelfu Ulaya na Afrika Kusini. Ndege hawana kituo cha forodha. Buabua aliyelala Entebbe jana anaweza kulala Ukerewe kesho, na wa kwanza kumwona akielea hatakuwa daktari wa mifugo. Atakuwa kijana mwenye kasia, au mama anayeteka maji, au mtoto anayetafuta kitu cha kuchezea.

Nimesikia hoja kwamba taarifa za watu wa kawaida hazina uhakika. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu daftari langu lenyewe limenifundisha. Mwezi wa saba mwaka jana niliandika kwa wino mwekundu: "Shakwe weusi 11 bado wapo, hawajaondoka, si kawaida." Wavuvi nao walisema ni ajabu. Baadaye nikaelezwa kuwa ndege wachanga wa aina ile mara nyingi hubaki huku kusini mwaka wao wa kwanza, hawarudi mpaka wakomae. Kumbe ilikuwa kawaida. Vivyo hivyo buabua: mwezi wa nne kila mwaka wavuvi huniletea habari za "ndege wageni weusi wenye mbawa nyeupe". Ni walewale wa kijivu tuliokaa nao tangu mwezi wa kumi, wamebadilisha manyoya kabla ya kurudi kuzaliana. Nisingekuwa na kurasa za miaka iliyotangulia, ningeendelea kuandika kwa wino mwekundu kila mwaka.

Mnaona tunapokwama. Hatuwezi kusema ndege wamefanya jambo lisilo la kawaida kama hakuna aliyeandika kawaida yao. Maji yalipopanda mwaka 2024, ule mchanga walipokuwa wanalala shakwe ulizama, wakahamia kwenye mawe upande wa pili wa ghuba. Mtu akija leo na kuhesabu mchangani atasema wametoweka. Na Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mimi nilikuwa naangalia angani kila asubuhi, kwa sababu vimbunga vya Bahari ya Hindi huwasukuma ndege wa bahari kuu mpaka bara. Kimbunga Eline cha mwaka 2000 kilipopita Msumbiji, ndege wa baharini walionekana ndani kabisa Zimbabwe. Mimi sikuona kitu, nikaandika "hakuna". Lakini mwalo wangu ni mmoja. Kama kuna ndege aliyetupwa kwenye visiwa vya Ukara au Kome siku ile, aliyemwona alimsimulia mkewe, ikaishia hapo.

Wenzetu wamekwisha kulifanyia kazi jambo hili. Afrika Kusini tangu 2007 raia wanajaza atlasi ya ndege, nchi imegawanywa miraba yenye upande wa takriban kilomita 9, kila mtu anaandika alichokiona kwenye mraba wake. Kenya wana ramani kama hiyo. Hata sisi Tanzania tunayo atlasi ya ndege, ilianza kukusanya taarifa tangu miaka ya 1980, na kuna eBird, programu ya kuandikia ndege uliowaona, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitumia bure. Huko taarifa ya ajabu haikubaliwi hivihivi. Inawekewa alama, mjuzi wa eneo anakuuliza: ulikuwa wapi, saa ngapi, una picha? Ukikosa majibu, inawekwa pembeni. Kwa hiyo uhakika unatafutwa, tena na watu wanaojitolea. Kinachokosekana huku ni daraja kati ya programu hizo, nyingi zikiwa kwa Kiingereza na zikimtaka mtu ajue jina la kila ndege, na mvuvi wa Kayenze ambaye ana simu ya kitochi, au ana simu kubwa ila bando limekwisha.

Ninachoomba, kwanza, ni namba moja ya simu. Moja kwa ziwa lote upande wetu, isiyobadilika afisa akihamishwa, inayopokea sauti, picha na ujumbe kwa Kiswahili. Ujumbe wa sauti ni muhimu kuliko fomu yoyote, kwa sababu mtu aliyevuta wavu usiku kucha hatakaa chini kuandika, ila atasema. Nyuma ya namba hiyo awepo mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na wizara zenu mbili zikubaliane mapema nani anachukua ndege hai, nani anachukua ndege aliyekufa, ili mvuvi asiwe yeye wa kutatua mgawanyo wa majukumu ya serikali.

BMU tayari tunajaza takwimu za samaki. Ongezeni nafasi ndogo ya ndege kwenye kitabu hicho: tarehe, mahali, wangapi hai, wangapi wamekufa, kuna pete au hakuna. Na tufundishwe kuandika hata siku ambayo hakuna kitu, maana siku hizo ndizo zinazoipa uzito siku ya ajabu. Chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, wanafunzi wake wanakuja kwenye mialo yetu kila mwaka. Wapewe kazi ya kupitia picha na kurekodi sauti hizi, wasimamiwe na watafiti wa TAWIRI. Glavu na mifuko ya plastiki migumu ije pamoja na maelekezo ya ukurasa mmoja, yenye michoro, ya nini cha kufanya ukikuta ndege wamekufa zaidi ya mmoja mahali pamoja.

Jambo linalofuata ndilo gumu zaidi, na naomba mlisome mara mbili. Namba hiyo isiwe na uhusiano wowote na doria.

Mwaka jana mvuvi mmoja aliniambia, wiki tatu zikiwa zimepita, kwamba aliona buabua saba wamekufa kwenye matete, mahali pamoja. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ileile. Akaangalia chini. "Katibu, ningeambiwa nikaonyeshe. Na pale ndipo nilipotega." Nyavu zake hazikuwa halali, na mimi kama katibu wa BMU sitetei timba. Zimetumaliza, na ndizo zilizomkata mguu shakwe wa Finland. Lakini buabua saba mahali pamoja ni taarifa ambayo ingepaswa kufika maabara siku hiyohiyo, na haikufika kwa sababu anayepokea taarifa na anayechoma nyavu machoni pa mvuvi ni mtu mmoja. Tulipokwenda kwenye matete hayo hatukukuta hata unyoya. Mkitaka watu waseme, tamkeni hadharani, kwenye mikutano ya mialo, mbele ya wenye mitumbwi, kwamba taarifa ya ndege haitatumika kumkagua aliyeitoa. Kazi ya doria iendelee kwa njia zake nyingine.

Na mkipokea taarifa, jibuni. Hata kwa mstari mmoja: "Tumepata, ni ndege fulani, asante." Ile ramani kutoka Finland imefanya kazi kwenye mwalo wangu ambayo semina mbili hazikuifanya. Tangu ibandikwe, vijana wameniletea picha za pete nyingine nne, zote za ndege walio hai, zimepigwa kwa mbali wakiwa wamesimama kwenye ukingo wa mtumbwi. Mbili zinasomeka. Zimekwenda Finland kupitia yule mwanafunzi, ambaye sasa amemaliza chuo na anatafuta kazi.

Serikali ilikwisha kujifunga kwa mambo haya. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu tangu mwaka 2000, na imeorodhesha maeneo manne, hakuna hata moja kati yake lililo kwenye Ziwa Victoria. Wenzetu wa Uganda waliiorodhesha Lutembe mwaka 2006. Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Emin Pasha zote mbili zinatambuliwa kuwa maeneo muhimu ya ndege. Yanayotokea ndani ya ghuba hizo siku kwa siku yako vichwani mwa watu wasiozidi darasa la saba, nao wanazeeka.

Kurasa zangu zote nimezipiga picha, na nakala nimemwachia mwenyekiti wa mtaa endapo mimi nitaondoka. Ile pete ya chuma bado ninayo, ipo kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, pamoja na kipande cha timba kilichokuwa nayo. Nipo tayari kukabidhi vyote kwa yeyote mtakayemtuma, kwa kusainiana.

Namwomba tu aje siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haitoki, atakuta mwalo mtupu. Afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, avae viatu vya kulowa, ashuke mpaka penye chanja za mwisho. Nitakuwa pale na ndoo ya kupimia. Aniulize shakwe wangapi leo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa BMU, Ilemela, Mwanza